Mizimu ya Reli: Marehemu Wanaomba Sala, Si Woga

Penye reli pana hadithi za usiku. Katika mkoa wetu wa Singida, Reli ya Kati huingia upande wa Kintinku, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Saranda hadi Manyoni, kisha huvuka vichaka vya Itigi na kuendelea kuelekea Tabora. Kando ya njia hiyo hadithi za mizimu hurithishwa kama zinavyorithishwa methali. Husimuliwa habari za taa inayoonekana mbali juu ya mataruma ilhali hakuna treni inayokuja; za mlio wa gari moshi usiku wa manane, siku ambayo hakuna safari; za mtu asimamaye kwenye tuta la reli na kutoweka anapokaribiwa; za kilio cha mtoto mchanga kutoka porini.

Waamini huuliza kwa dhati: Je, hizo ni roho za watu waliofia relini? Je, Mkristo aamini, acheke, au amtafute mtu wa kuzituliza? Tunaandika makala hii si kwa ajili ya kuwadhihaki wanaosimulia, kwa maana wengi wao ni watu wakweli na wenye akili timamu. Wala hatuandiki ili kuongeza hofu. Tunataka kutazama pamoja ni wafu gani wanaokumbukwa kando ya reli hii, ni mambo gani masikio na macho yetu hukutana nayo usiku, na Mama Kanisa anatuelekeza tufanye nini.

Njia iliyopitiwa na wengi wasiorudi

Tuanze na wafu wenyewe, kwa maana wapo. Kabla ya reli, njia hii ilikuwa ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa watu, na watu wengine walipita wakiwa wamefungwa minyororo. Kilimatinde, iliyo katika wilaya ya Manyoni, ilikuwa mojawapo ya vituo vya njia hiyo. Waliolemewa na njaa, kiu au ugonjwa waliachwa njiani, bila kaburi na bila jina. Mwaka 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, lilipita njia hiyo likielekea maziwa makuu; mmoja wao, Padre Pascal, alifariki kabla ya kufika Tabora. Hata Injili, basi, ilipokuwa ikielekea bara iliacha kaburi kando ya njia.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Tuta lake liliinuliwa kwa mikono ya maelfu ya vibarua Waafrika. Reli haijatimiza hata miaka mitatu, vita ikaifikia. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma na Kilimatinde, na mwezi Septemba Wabelgiji wakaitwaa Tabora, huku Wajerumani wakibomoa madaraja nyuma yao. Katika vita hiyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Baada ya majeshi ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwaka 1918 ikaongezeka homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima, ikisafiri kwa njia zilezile za meli na reli.

Jeraha la karibu zaidi ni la Juni 24, 2002, Sherehe ya Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikielekea bara, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilishindwa mlima karibu na Msagali, katika mkoa jirani wa Dodoma. Ilirudi nyuma kwa kasi isiyozuilika hadi ikagongana na treni ya mizigo eneo la Igandu. Watu 281 walipoteza maisha. Baadhi ya miili haikutambuliwa, ikazikwa mjini Dodoma bila ndugu kujua kaburi lipi ni la nani.

Hapa ndipo tunapopaswa kuelewa chanzo cha hadithi nyingi. Familia ambayo haikumwosha marehemu wake, haikumvalisha sanda wala kumtupia udongo, hubaki na msiba usiofungwa. Mtu aliyeondoka nyumbani na tiketi mkononi, na ambaye hakurudi hata kama maiti, huendelea kutarajiwa. Moyo wa namna hiyo ukisikia hatua nje usiku, huuliza jina. Tusiwacheke watu wa namna hiyo, wanaomboleza.

Hofu ya chombo kigeni

Hofu ya reli ilianza kabla hata treni haijaonekana. Katika nchi jirani ya Kenya, Wanandi husimulia utabiri wa Kimnyole, na Wakamba utabiri wa Syokimau, juu ya nyoka mrefu ambaye angekuja kukatiza nchi yao. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake: reli ilileta pia watawala wapya na kupotea kwa ardhi. Mara nyingi hadithi ya kutisha hubeba malalamiko ambayo hayakupata mahali pengine pa kusemewa.

Lakini hofu pia hupoteza njia. Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa daraja la reli mto Tsavo, simba wawili waliwashambulia wafanyakazi kwa miezi kadhaa. Wafanyakazi waliamini kuwa hao si wanyama bali ni pepo, au roho za watemi waliokufa zilizokuja kuizuia reli. Mwezi Desemba mwaka huo mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili, na leo wamehifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago. Wataalamu waliochunguza mafuvu yao walikuta kwamba mmoja alikuwa na jino lililooza vibaya hadi kwenye mzizi, hali ambayo humfanya simba ashindwe kukamata mawindo yake ya kawaida. Kilichoitwa roho ya mtemi kilikuwa mnyama mwenye maumivu na njaa.

Singida yetu ina kumbukumbu nzito zaidi. Katika miaka ya 1940 watu wengi waliuawa katika wilaya ya Singida, na ilisemekana kwamba wanauawa na simba, tena simba wa kichawi. Uchunguzi ulionyesha kuwa nyuma ya makucha palikuwa na mikono ya binadamu. Watu walifikishwa mahakamani, na baadhi yao walinyongwa. Kwa muda ambao jamii iliogopa simba wa kichawi, wauaji walijificha ndani ya hofu hiyo. Funzo hilo lisisahaulike: si kila linalotisha latoka kuzimu, na pengine anayenufaika na woga wetu ni mtu wa kawaida kabisa.

Yale yasikikayo na yaonekanayo

Muumba ametupa masikio na macho, na ametupa pia akili ya kuyahoji. Tuanze na masikio. Usiku wa kiangazi, hasa Juni na Julai, ardhi ya uwanda wetu wa juu hupoa upesi, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko ile ya juu yake. Hali hiyo huipinda sauti na kuirudisha chini badala ya kuiacha ipotee angani. Ndiyo maana treni iliyo mbali, ambayo mchana haisikiki kabisa, usiku husikika kana kwamba imefika mlangoni. Chuma nacho kina tabia zake. Sauti husafiri ndani ya chuma karibu mara 15 zaidi ya kasi yake hewani, na reli iliyotanuka kwa jua la mchana hulia inaposinyaa kwa baridi. Anayepita peke yake akisikia mlio huo chini ya miguu yake hana kosa kushtuka.

Kuna wanaosema wamesikia treni mahali ambapo hakuna reli. Katika mkoa huu kauli hiyo ina historia yake, kwa maana palikuwa na reli iliyokufa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilijenga tawi kutoka Manyoni, kupitia Singida, hadi Kinyangiri; katika miaka ya 1940 reli zake ziling'olewa. Waliozaliwa baadaye walirithi masimulizi ya gari moshi bila kuiona njia yake. Tawi la sasa, litokalo Manyoni hadi Singida, ni jingine, lililojengwa miongo mingi baadaye.

Kilio cha mtoto porini wakulima na wawindaji wanakifahamu: ni komba. Mnyama huyu mdogo wa usiku hulia kwa sauti inayofanana mno na ya mtoto mchanga, na macho yake makubwa hung'aa yanapomulikwa na tochi. Kuhusu taa za ajabu, mfano mzuri unatoka jimbo la Michigan, Marekani. Huko Paulding watu walisimulia kwa miaka mingi juu ya taa ionekanayo usiku, wakisema ni ya mfanyakazi wa reli aliyekufa kazini. Mwaka 2010 wanafunzi wa chuo kikuu cha teknolojia cha jimbo hilo waliitazama kwa darubini, wakaona kuwa ni taa za magari kwenye barabara iliyonyooka kilomita kadhaa mbele. Nasi tunayo barabara kuu inayokwenda karibu na reli, tena katika nchi ambayo jicho huona mbali.

Usingizi nao una sehemu yake. Mlinzi wa stesheni, dereva wa treni na fundi wa njia hukesha katika saa ambazo mwili unadai kulala. Mtu aliye kati ya kulala na kuamka aweza kuona sura, kusikia akiitwa jina, au kuhisi mzigo kifuani huku akishindwa kusogea. Wahenga waliliita jambo hilo jinamizi, na madaktari wanalifahamu vizuri. Vilevile wapo waombolezaji wanaomwona au kumsikia mpendwa wao aliyefariki. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees wa Wales alichapisha utafiti juu ya wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamehisi uwepo wa mwenzi wao baada ya kifo, na wengi hawakuwa wamemwambia mtu, wakichelea kuonekana wamerukwa na akili. Hawakuwa wamerukwa na akili. Upendo hauzoei kifo kwa siku moja.

Maelezo haya hayamalizi kila tukio ambalo mtu amewahi kulisimulia, na imani yetu haituambii kwamba ulimwengu ni vitu vinavyoonekana tu. Lakini yanatufundisha mpangilio: kwanza tuchunguze yaliyo ya kawaida kabla ya kukimbilia yasiyo ya kawaida.

Mafundisho ya Kanisa

Maandiko Matakatifu yanaijua hofu hii. Mitume walipomwona Yesu akitembea juu ya maji usiku, walidhani ni mzimu, wakapiga kelele (Mathayo 14). Baada ya ufufuko walidhani tena hivyo, naye akawaonyesha mikono na miguu yake, akala samaki mbele yao (Luka 24). Bwana hakuwakemea kwa ukali kwa sababu waliogopa. Aliwakaribia, akawapa jambo la hakika la kushika. Kinyume chake ni mfalme Sauli, aliyekwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili kumpandisha Samweli kutoka kwa wafu (1 Samweli 28). Hakurudi na faraja. Alirudi na hofu kubwa zaidi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinakataza waziwazi kuwauliza wafu.

Kwa msingi huo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha mambo matatu yanayotuhusu hapa. Kwanza, kila mtu hupokea hukumu yake binafsi mara anapokufa (na. 1022). Marehemu wa Igandu, na mpagazi aliyeanguka kando ya njia miaka mia moja iliyopita, wako mikononi mwa Mungu. Hawakuachwa wazurure kati ya stesheni na stesheni wakitafuta nauli. Pili, wanaokufa katika neema ya Mungu lakini wakiwa bado wanahitaji kutakaswa husaidiwa na sala zetu, sadaka zetu, na hasa Sadaka ya Ekaristi (na. 1030 hadi 1032). Mafundisho haya yana mizizi katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda alichangisha fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Tatu, ramli, kuita wafu na kutafuta nguvu zilizofichika ni kinyume cha heshima tunayopaswa kumpa Mungu peke yake (na. 2116 na 2117).

Kanisa linakiri pia kuwa yule Mwovu yupo. Lakini hata hapo lina utaratibu. Upungaji rasmi wa pepo hufanywa na padre aliyepewa ruhusa maalumu na Askofu (Kanuni ya 1172), na kabla yake ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa, hasa wa akili, ni kazi ya tabibu (KKK na. 1673).

Hofu inapogeuka kuwa dhambi

Mtu akiogopa giza hajatenda dhambi. Dhambi huingia pale hofu inapotafuta wa kulaumiwa. Mfiwa ambaye hakuuona mwili wa ndugu yake ni mawindo rahisi kwa anayemwambia kwamba ndugu huyo hakufa, amechukuliwa msukule, na kwamba kwa malipo fulani aweza kurudishwa. Fedha za ada ya shule huishia huko. Na fedha zikiisha, hubaki jina la jirani lililotajwa, mara nyingi bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Anayelitamka jina la mtu asiye na hatia katika mazingira hayo anashiriki katika hatari ya kumwaga damu, na hilo alipeleke kwenye kiti cha maungamo.

Ipo dhambi nyingine ya kimyakimya: kuacha kutengeneza kinachoua. Mahali ambapo watu kadhaa wamegongwa na treni, si vigumu kusema pana mzimu unaovuta watu. Kusema hivyo kunatuondolea wajibu wa kuuliza iwapo kichaka kimeziba kona, iwapo kivuko kina alama, iwapo waliogongwa walikuwa wamelewa, iwapo watoto huitumia njia ya reli kwenda shule. Swali hilo lina uzito mpya sasa. Reli ya kisasa ya SGR, iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti 1, 2024, inaendelea kujengwa kupitia mkoa wetu kutoka Makutupora kwenda Tabora. Treni zake za umeme zinaweza kwenda kilomita 160 kwa saa, hazitoi moshi wala ngurumo tuliyozoea, na nyaya zake zina umeme wa volti 25,000. Mtoto aliyefundishwa kuogopa mzimu, lakini hakufundishwa kutovuka uzio, hajafundishwa chochote cha kumwokoa.

Tufanye nini

Mtakatifu Monika, mwana wa Afrika, alifia safarini mjini Ostia, nchini Italia, mwaka 387, akiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa muda mrefu alikuwa ametamani kuzikwa kando ya mumewe, lakini mwishoni aliwaambia wanawe wasijisumbue na mahali pa mwili wake. Aliomba jambo moja tu, akumbukwe katika altare ya Bwana. Ombi hilo ndilo jibu letu kwa hadithi za reli. Waliofia safarini hawahitaji tuwakimbie. Wanahitaji tuwataje.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa familia na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, hasa zile zilizo kando ya reli.

Familia zilizopoteza ndugu relini au safarini, hata miaka mingi iliyopita, zipeleke majina yao parokiani na kuomba nia ya Misa. Ambaye mwili wake haukupatikana au haukutambuliwa naye aombewe kwa jina lake la ubatizo. Mungu hahitaji namba ya kaburi.

Kuanzia Novemba 1 hadi 8, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu aweza kupata rehema kamili kwa ajili yao, akitimiza masharti ya kawaida ya kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Tuwakumbuke pia wasio na wa kuwakumbuka: watumwa wa misafara, wapagazi, vibarua na waliokufa kwa njaa.

Aliyeona au kusikia jambo linalomsumbua aende kwa paroko au katekista wake na kulieleza bila aibu. Asipopata usingizi, au taswira za ajali zikimrudia, aende pia hospitali. Madereva wa treni walioshuhudia watu wakigongwa wanabeba mzigo mzito, nao ni wana wa parokia zetu, tuwatembelee.

Wazazi na wakatekista wafundishe usalama wa reli pamoja na sala. Na msimulizi anapoanza hadithi ya taa ya Saranda au mlio wa Itigi, tumsikilize kwa heshima, kisha tumuulize: Huyo aliyekufa pale aliitwa nani? Likipatikana jina, tuliandike, tulipeleke kanisani. Lisipopatikana, tusali pale pale kwa ajili yake, kabla kikao cha jioni hakijavunjika.